Mwamba nilioonyeshwa na mzee umejaa watu kwa sababu ya picha yangu: nifanye nini?

Mkaazi wa Kunduchi
Ndugu zangu wavuvi wa kayaki, habari za siku nyingi. Mwezi uliopita mzee mmoja wa ngalawa, ambaye amevua kwa mshipi hapa Kunduchi tangu mimi sijazaliwa, alinionyesha mwamba wake wa chini ya maji kwa kunifundisha kuulinganisha mnazi uliopinda na mnara wa msikiti, ili nijue nimefika juu yake. Nilipata chewa wa kilo 6, nikapiga picha na kuituma kwenye kundi letu bila kutaja mahali. Jumamosi iliyofuata nilikuta kayaki 7 na boti 2 zimetia nanga pale pale, kwa kuwa mnazi na mnara vilionekana wazi nyuma ya bega langu. Mzee alifika, akatazama, akageuza tanga na kwenda zake. Je, taratibu zetu zinasemaje, na nitatengenezaje jambo hili?

Kafi Refu
Ndugu yangu, mwamba ulioonyeshwa ni amana. Ukitaka kumpeleka mwenzako, humwomba ruhusa kwanza aliyekupeleka wewe, na asiporidhia unakwenda kutafuta wa kwako. Chewa hushika pango lake kwa muda mrefu, na aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike kisha hugeuka madume zinapokua, kwa hiyo watu kumi wakiwatoa wakubwa wote katika mwamba mdogo, wanaobaki ni wadogo wasio na dume wa kuzaa naye. Nguru na kolekole ni wapitaji, na habari zao mimi humpa yeyote anayeniuliza. Picha nazo zipigwe zikiwa zimeelekea bahari kuu, na simu izimwe kipengele cha kuhifadhi mahali.

Bi Bamvua
Nakubali kuhusu amana, lakini zipo habari ambazo kumficha mgeni ni kumhatarisha: mahali salama pa kushukia upepo wa kusi unapochachamaa, mikondo ya maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), na mipaka ya hifadhi ya kisiwa cha Mbudya ambamo uvuvi hauruhusiwi. Hayo aambiwe kila mtu, hata asipouliza.

Mwana wa Ngalawa
Baba yangu alitusomesha kwa miamba mitatu tu, kwa hiyo neno hili linanigusa. Sisi wa kayaki tunavua kwa mapumziko na Jumatatu tunarudi kazini, ilhali yule mzee akikosa samaki, nyumbani hakuna kitoweo wala cha kuuza. Nenda kwake kwa miguu, alfajiri, kabla hajashua chombo, umwombe radhi kwa kinywa chako mwenyewe. Usimpe pesa, ataona unamnunua. Mpelekee ngisi wa chambo na ndoana. Kabla ya hapo, zungumza na wenzako mmoja mmoja wauache mwamba.

Mkaazi wa Kunduchi
Ahsanteni sana. Picha nimeifuta. Wenzangu watano wamekubali kutorudi. Wengine wanasema bahari haina mwenyewe, na nitaendelea kuwasihi. Ngisi nimeshanunua, na kesho baada ya sala ya alfajiri nitakuwa ufukweni.