Nimeuziwa kompyuta ndogo ya "N100" Kampala, ndani ni prosesa ya 2013!!

Wakuu nimekasirika acha niseme tu. Niko na kaduka ka kuchapa na kufotokopi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, umeme ukikatika tunafanya na sola na ile kompyuta yangu kubwa ya zamani ilikuwa inamaliza betri kabla hata saa tisa. Ndo nikaamua nitafute haka kakompyuta kadogo ka N100, yaani ubongo wake ni prosesa ya Intel ya 2023, wati 6 tu, jirani yangu anako, anafungua Word na braoza siku nzima bila shida. Kwa hiyo msianze kuniambia eti hivi vidogo ni takataka, si takataka, mwizi ni muuzaji.

Nikapanda taksi mpaka Kampala, duka fulani la mjini, 650,000 taslimu. Boksi limeandikwa N100, stika N100, jamaa anaapa kwa Mungu. Nafika nyumbani, PDF ya kurasa tatu inafunguka mpaka mteja anaaga. Nikaingia Task Manager, ile sehemu ya Windows inayoonyesha mashine ina nini ndani, pale Performance, naona prosesa ni Celeron J1900. Hiyo ni ya 2013 jamani!!

Nampigia simu ananijibu "bosi zote ni kori nne, ni ile ile." Kori ni zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi, sawa ni nne, lakini ile ile vipi? Hii inatumia ramu ya DDR3, aina ya zamani, wameweka GB 4 peke yake, diski ni eMMC, kachipu ka kuhifadhia ka GB 64, imechomelewa kwenye bodi hata kubadilisha huwezi, Windows 11 wameilazimisha tu maana Microsoft haikubali hiyo prosesa, na Windows 10 nayo apdeti za usalama za bure ziliisha Oktoba 2025. Mimi nashika TIN za watu, zile namba za kodi, nashika vitambulisho vyao, wengine wananiachia paswedi za URA, mamlaka ya kodi, kabisa, nitawaambia nini siku mashine ikiingiliwa?

Eti mali ikishatoka dukani hairudi. Na risiti aliyonipa kaandika "mini PC" basi, hakuna N100 wala nini, nikaja kuona nimeshafika nyumbani.

Ukienda kununua washa pale pale dukani, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, ingia Performance, soma jina la prosesa kabla hujatoa hata shilingi, wacha anune. Na risiti iandikwe hilo jina. Aliyewahi kurudishiwa pesa na hawa watu aniambie alifanyaje, Jumatatu narudi huko na boksi langu.