Gololi za kioo za bibi: jina la fundi linaweza kujulikana?

Binti_Mikindani:
Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Naomba mwenye ujuzi wa gololi za zamani anisaidie. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, ametuachia kopo la bati lenye gololi za kioo hapa nyumbani Mikindani. Mama anachokumbuka ni kwamba kopo lilikaa uvunguni mwa kitanda tangu yeye mdogo, na watoto walikatazwa kuligusa.

Nyingi ni zile za kawaida zenye jani la rangi katikati. Ila moja ni kubwa, ndani ina nyuzi nyeupe zilizopishana kama wavu wa dagaa, na juu ya wavu inazunguka mistari ya nyekundu, buluu na kijani. Ya pili ni ya kijani hafifu, haina urembo wowote. Ya tatu ni kioo kitupu chenye sanamu ya mnyama ndani, nadhani kondoo, inang'aa kama fedha.

Amekuja mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Mtwara mjini. Anasema ile kubwa imetengenezwa na Mjerumani aitwaye Greiner, na ililetwa na Wajerumani waliojenga Boma letu. Anataka kopo zima kwa bei moja. Swali langu: hilo jina amelisoma wapi? Nimezigeuza zote, sioni maandishi.

Kijana_wa_Newala:
Dada, zenye jani katikati ni za kiwandani, hata mimi nimeziuza dukani kwa pakiti. Hizo nyingine tatu usiziachie kwanza. Mwalimu wa Lindi akipita hapa atakueleza.

Mwalimu_Mstaafu_Lindi:
Nimepita. Mwanangu, hukuona maandishi kwa sababu hayapo. Gololi za mkono za wakati ule hazikutiwa jina. Ukiona leo gololi ya kioo yenye herufi zimechorwa karibu na ncha, ujue ni kazi ya msanii wa siku hizi, maana wao ndio wanaotia sahihi. Kwa hiyo mtu anayekutajia jina la fundi mmoja kwa gololi ya zamani anakisia, au anataka kukutikisa kwa jina.

Greiner si jina la kubuni. Mji wa Lauscha, kwenye milima ya Thuringia huko Ujerumani, ulianza na kiwanda cha kioo cha mwaka 1597, na mmoja wa waanzilishi wake wawili alikuwa Hans Greiner. Lakini Greiner ni ukoo mkubwa wa mafundi wa kioo, kizazi baada ya kizazi, na katika karne ya 19 gololi zilitengenezwa na watu wengi katika mji ule na vijiji vya jirani. Wote walitumia njia moja, na njia hiyo ndiyo inayoacha ushahidi.

Fundi alipanga nyuzi za kioo cha rangi, akazifunika kwa kioo safi, akazipasha moto mpaka zikawa mche mmoja mnene, akausokota. Mwishoni mwa miaka ya 1840 wakapata mkasi maalumu: upande mmoja una kikombe kidogo, upande mwingine una makali ya kukatia. Ncha ya mche inaingia kikombeni, inazungushwa mpaka iwe duara, inakatwa. Ndiyo maana gololi iliyokatwa kwenye mche ina makovu mawili, moja kila ncha, pale mistari yote inapokutana. Wakati mwingine kovu ni bonge linalokwaruza ukucha, wakati mwingine limesagwa likawa bapa.

Yenye sanamu ni habari nyingine. Hiyo ilitengenezwa moja moja: sanamu ya udongo mweupe inazamishwa ndani ya kioo cha moto, na ile fedha unayoiona ni hewa nyembamba iliyobaki kati ya udongo na kioo. Kwa kawaida ina kovu moja tu.

Mashine ilikuja baadaye. Martin Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya mashine yake mwaka 1905, na gololi inayoviringishwa na mashine haina kovu la kukatwa. Zenye jani zilianza Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Fanya hivi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usichemshe, kioo cha zamani hupasuka. Azima lenzi kwa fundi saa, washa tochi ya simu, kisha pitisha ukucha kwenye ncha zote mbili. Na tafadhali sana, mtu asikushawishi zisuguliwe zing'ae. Kusugua kunafuta kovu, na kovu ndilo cheti chake.

Binti_Mikindani:
Shikamoo mwalimu. Nimefanya kama ulivyosema. Yenye wavu ina makovu mawili, moja linakwaruza kabisa. Ya kondoo ina moja, chini ya miguu. Ile ya kijani hafifu haina hata moja, ni laini kote. Hiyo basi ni ya mashine?

Mwalimu_Mstaafu_Lindi:
Marahaba mwanangu. Umeangalia vizuri sana.

Ya kijani hafifu nadhani ilikuwa kizibo. Mwingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa ya soda mwaka 1872, ambayo gololi ndani ya shingo inasukumwa juu na gesi mpaka inabana kwenye pete ya mpira. Watoto walivunja chupa ili kuipata. Ukiokota vipande vizito vya kioo cha rangi hiyo hapo uani, vyenye shingo iliyobanwa, viweke pamoja nayo.

Kuhusu Boma: ni kweli lilijengwa mwaka 1895, lakini hilo halithibitishi kitu. Gololi ya Thuringia ingeweza kufika Mikindani kwa jahazi kutoka Unguja, ikauzwa kwenye duka la Mhindi, bila kupita mkononi mwa ofisa yeyote. Kwenye karatasi andika hivi tu: "Gololi ya mkono, wavu mweupe, makovu mawili, Ujerumani, huenda Lauscha, kabla ya vita vya 1914." Mnunuzi mwaminifu hatahitaji zaidi ya hapo. Pima na unene kwa kalipa, gereji yoyote wanayo, maana za wavu kubwa ni adimu kuliko ndogo. Na hizo tatu usiziuze pamoja na za jani.

Binti_Mikindani:
Ahsante sana mwalimu. Nimemwambia asubiri. Mama anasema uani, karibu na kisima, vipande vya chupa za kijani vipo. Kesho tunavitafuta na nitaweka picha.