Kwanini tunamwombea mgonjwa tukiwa mlangoni wakati Yesu aligusa?

Binti Makambako
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mama yangu anaumwa saratani ya titi, kidonda kimeshafunguka na harufu ipo siwezi kuficha. Jumuiya wanakuja kila wiki nawashukuru sana, wanaimba wanaomba wanaacha sukari na sabuni, ila wanasimama pale mlangoni, mkono hawampi, wengine khanga puani. Wakiondoka mama anageukia ukutani hata uji hataki. Juzi shangazi katoka kijijini akafika tu akapanda kitandani akamkumbatia, hata sala ndefu hakuomba, mama akalia weee mpaka usingizi ukamchukua na alivyoamka akaomba ugali. Sasa naomba kuuliza, kwenye Biblia hili la kumgusa mgonjwa lina uzito gani au mimi ndo natafuta lawama? Na nawaambiaje bila kuwaudhi maana ni watu wema kabisa.

Mzee wa Jumuiya
Pole sana mwanangu, mpe mama salamu zangu. Lawama hutafuti. Soma Marko 1:40-42 taratibu. Mwenye ukoma kwa sheria ya Walawi 13 alitakiwa akae peke yake nje ya kambi, nguo zimeraruliwa, apaze sauti "ni najisi, ni najisi" ili watu wampishe. Na Yesu hakulazimika kumgusa ili apone, maana mtumishi wa yule akida, mkuu wa askari, wa Kapernaumu alipona kwa neno tu, Yesu hata nyumbani kwake hajafika (Mathayo 8). Lakini huyu akamnyoshea mkono akamgusa ndo akasema "Nataka, takasika". Angalia kilichotangulia, kaguswa akiwa na ukoma wake bado!! Mimi kila nikifika hapo naishiwa maneno. Kwa mgonjwa ambaye pengine hataamka tena hiyo ndo injili yenyewe, kwamba Bwana hakusubiri mtu awe safi kwanza. Na watoto wale wa Marko 10 aliwakumbatia, hakuwabariki kwa mbali.

Nesi wa zamu
Dada saratani haiambukizi kwa kushikana mkono wala kukumbatiana, waambie hivyo wazi, wengi wanaogopa ila wanaona aibu kuuliza. Glavu ni za kusafisha kidonda sio za kumsalimia. Huku wodini watoto njiti tunawafunga kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ile ya kangaroo, ilianzia Bogotá kule Kolombia mwaka 1978 sababu mashine za joto zilikuwa hazitoshi, na mtoto anatulia hata kupumua kunakaa sawa. Mtu mzima naye ana ngozi hiyohiyo jamani. Halafu harufu msiizoee, waulizeni watu wa tiba shufaa, wale wanaompunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kuna dawa ya metronidazoli ya kuweka juu ya kidonda inapunguza sana, daktari ndo aamue.

Kaka Elia
Amina kwa yote ila naomba tuangalie pande zote. Mgonjwa aulizwe kwanza, "mama nikushike mkono?", kuna wenye maumivu hata shuka likigusa ni shida, na kuna hawa wa kuweka mikono kichwani wanasukuma mpaka mgonjwa anayumba, hiyo hapana. Wanaume mkono tu unatosha. Na kuwaambia, usiwatangazie wote, mvute pembeni mama mmoja mnayeelewana mpe kazi, aje na beseni amwoshe miguu ampake mafuta, wenzake wakiona watasogea wenyewe. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno, walipoanza kuongea ndo wakaharibu.

Binti Makambako
Mbarikiwe sana. Mama mwenyekiti wa jumuiya ndo ntaanza nae, waliimba kwaya moja na mama tangu wasichana. Nesi samahani, hao wa tiba shufaa wanapatikana hospitali ya wilaya au mpaka mkoani?

Nesi wa zamu
Anza na hapo wilayani dada, nenda na karatasi zake zote za matibabu, kama hawapo watakuandikia rufaa.