Raspberry Pi kwenye TV ya chogo isiyo na AV: picha inapanda, rangi hakuna, sauti inavuma tu

Chogo_Inchi14
Habari wakuu. Nina TV mbili za chogo. Moja ni ya rangi, inchi 14, nyuma ina tundu la antena peke yake, haina AV (matundu ya kuingizia video na sauti). Nyingine ni nyeusi na nyeupe ya kuzungusha kwa mkono, VHF tu, waya wa antena unafungwa kwa skrubu mbili. Nataka Raspberry Pi 3B (kompyuta ndogo ya bodi moja) izipelekee picha, video za zamani na chati za kupimia.

Nimeanza na ile ya rangi. Nimetumia waya wa kamera wenye pini ya 3.5 mm kwenda RCA tatu (plagi za rangi za AV), pamoja na modyuleta ndogo (kifaa cha kugeuza video na sauti kuwa mawimbi ya chaneli ya TV) yenye swichi ya chaneli 3 na 4. RCA ya njano haitoi kitu. Nikichomeka nyekundu mahali pa njano, picha inakuja ila haina rangi na inapanda juu bila kusimama. Sauti ni mvumo mtupu. Kosa liko wapi?

Mstari625
Mkuu, hayo ni makosa matatu yaliyokutana, kila moja lina tiba yake.

Waya kwanza. Pini ya Pi imepangwa hivi kuanzia nchani: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, graundi, na shinani ndiyo video. Waya za kamera hazina mpangilio mmoja, ndiyo maana video yako imetokea kwenye nyekundu. Hilo halina madhara, iache hapohapo. Ila pima kwa mita: chuma cha nje cha RCA zote lazima kiungane na pete ya pili kutoka nchani. Kikiungana na shina, video na graundi zimebadilishana, na waya huo haufai kwa Pi hata ukihamisha rangi.

Kupanda kwa picha: Pi isipoambiwa vinginevyo hutoa NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, mistari 525, mara 60 kwa sekunde. TV yako ni ya PAL, mfumo wa kwetu, mistari 625, mara 50. Kwa upande wa mlalo tofauti ni ndogo (15,734 dhidi ya 15,625 kwa sekunde), kwa hiyo TV inaushika mstari. Kwa upande wa wima inashindwa, picha inapanda. Rangi nayo ya NTSC iko kwenye 3.58 MHz wakati saketi ya TV inaitafuta 4.43 MHz. Isipoikuta inaizima kabisa.

Kama mfumo wa Pi ni wa karibuni, fungua /boot/firmware/config.txt, tafuta mstari wa vc4-kms-v3d uliopo na uufanye uwe:

dtoverlay=vc4-kms-v3d,composite

Kisha kwenye cmdline.txt ongeza mwishoni, baada ya nafasi moja:

vc4.tv_norm=PAL

Faili hiyo ni mstari mmoja tu. Ukibonyeza Enter katikati yake, Pi haitawaka vizuri. Kama mfumo ni wa zamani usiotumia KMS (hauna ule mstari wa vc4-kms-v3d), weka kwenye config.txt sdtv_mode=2 na sdtv_aspect=1, na uchomoe HDMI kabla ya kuwasha, maana Pi ikiiona HDMI hupeleka picha huko na kuinyima njia ya AV.

Fundi_Deki
Naongezea upande wa sauti. Modyuleta yenye swichi ya 3 na 4 ni ya Marekani. Chaneli 3 yao iko 61.25 MHz, karibu kabisa na E4, chaneli ya VHF ya kwetu iliyo 62.25, ndiyo maana ukizungusha kidogo picha unaipata. Lakini sauti yake inakaa 4.5 MHz juu ya picha. TV za PAL ziko za aina mbili kwa sauti: ya mfumo wa B/G inaitafuta 5.5, ya mfumo wa I inaitafuta 6.0. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo, hiyo modyuleta iweke pembeni.

Rahisi kuliko kununua: tafuta deki ya kanda ya PAL, hata kama haichezi kanda tena. Ingiza AV ya Pi nyuma yake, chagua AV, kisha toa waya kwenye RF OUT kwenda kwenye antena ya TV. Nyingi hutoka karibu na chaneli 36 ya UHF, yaani 591.25 MHz. Angalizo: king'amuzi nacho mara nyingi kina tundu la RF OUT, lakini kwa kawaida hilo linapitisha tu mawimbi ya antena, halina modyuleta ndani. Watu wengi hupoteza siku nzima hapo.

Chogo_Inchi14
Asanteni sana. PAL imekubali, picha imesimama na rangi ipo. Deki nitaitafuta. Je, kuna ubaya nikifungua TV na kuunganisha video moja kwa moja kwenye bodi? Na ile ya VHF nifanyeje, maana deki inatoa UHF?

Mstari625
Usiifungue. Chogo nyingi zisizo na AV hazina transfoma ya kuitenga na umeme wa ukutani, graundi ya bodi inaweza kuwa ndiyo laini ya 230 V. Ukiunganisha Pi hapo, chuma chote cha Pi kinakuwa na umeme huo, na mtu akikigusa anaweza kufa. Tundu la antena limetengwa kwa kapasita maalumu, pita hapo tu.

Kwa ile ya VHF, kama unaweza kupata HackRF (kifaa cha kompyuta cha kutoa mawimbi ya redio), kompyuta yenyewe inatengeneza mawimbi yote, picha na sauti, kwa programu ya hacktv:

hacktv -f 62250000 -m g -g 0 test

Hiyo inatoa chati kwenye E4. Weka jina la faili ya video badala ya test. Anza na nguvu sifuri, panda taratibu mpaka chenga ziishe. Ukizidisha, picha inapinda juu na sauti inaunguruma, hapo rudisha chini. Skrubu mbili ni za waya wa ohm 300, kwa hiyo weka kibadilishi cha 75 kwenda 300 katikati.

Fundi_Deki
Hilo la HackRF lipite kwenye waya tu, kamwe usiweke antena. Kifaa hakina chujio: ukirusha 62.25, mwangwi wake wa pili (mawimbi ya ziada yenye masafa mara mbili) unaangukia 124.5 MHz, ndani ya masafa ya mawasiliano ya ndege. Na kurusha bila leseni ni kosa; mamlaka za mawasiliano ni TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya.

Kwa chati nyeusi na nyeupe tu, Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) inatosha. Pini 9 ipitie rezista ya 1 k, pini 7 ipitie 470, ziungane pamoja kwenye kiini cha RCA. Kwenye mzigo wa ohm 75 unapata karibu 0.3 V kwa nyeusi na 0.95 V kwa nyeupe, ndivyo kiwango cha 1 V kinavyotaka. Maktaba ni TVout, amri TV.begin(PAL,128,96). Usiongeze ukubwa: 128 kwa 96 tayari inakula baiti 1,536 za kumbukumbu kati ya 2,048 zilizopo. Hiyo bado ni video ya AV, kwa hiyo modyuleta ya VHF ya PAL utaihitaji.

Chogo_Inchi14
Maandishi ya pembeni kwenye Pi yanakatika na mistari myembamba inapepesa. Kawaida?

Mstari625
Kawaida. Chogo huficha kingo, acha asilimia 5 kila upande. Mstari wa nukta moja unachorwa mara 25 tu kwa sekunde kwa sababu kila mzunguko unachora nusu ya mistari. Ufanye wa nukta mbili kwa unene, utatulia.