Simu imejaa na yakwama kila mara, na biashara yangu ya leso yote imo humu. Naombeni ushauri

MwanaLeso

Assalaam alaykum ndugu zangu, habari za jioni.

Nna shida na simu, na imefika pahali yanipotezea wateja. Nauza leso na madera hapa Biashara Street, na mauzo yangu mengi hupitia WhatsApp. Mzigo mpya ukifika napiga picha, natuma kwenye makundi, naweka na status. Mteja wa Lamu au Malindi huchagua rangi, husoma jina la leso, akalipa kwa M-PESA, nami nikamfungia mzigo wake.

Simu ni Android, RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Siku hizi nikifungua kamera yaganda mpaka mteja aliyesimama mbele yangu ashachoka. Nikigusa meseji hakuna kinachotokea, halafu vyafunguka vitu vyote kwa pamoja. Onyo la kwamba nafasi imekwisha haliniachi. Nshafuta picha nyingi kwenye galari, lakini baada ya siku chache onyo larudi vilevile. Programu nazo nazifunga zote kila nikimaliza kuzitumia, na sioni tofauti.

Fundi mmoja aliniambia dawa ni kuiflashi tu, yaani kuifuta yote na kuiwekea mfumo upya. Ninachohofia ni mazungumzo ya wateja. Humo mna oda, mna anwani, mna nani kalipa na nani bado ana deni. Kununua mpya saa hizi siwezi, karo za watoto zimenikabili. Je, yuko anayejua njia ya kuirudishia wepesi bila kupoteza vitu hivyo? Nielezeni polepole.

Kijana_Kisauni

Wa alaykum salaam dada. Weka programu ya kusafisha RAM, ziko tele Play Store. Wabonyeza kitufe kimoja, yote yasafishika. Mimi ndiyo ninayotumia.

FundiWaBondeni

Dadangu, usiiflashi kwanza, na hizo programu za kuongeza kasi usizipakue.

Tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huviita memori vyote. RAM ni ile meza ya mbele unapotandaza leso mteja azione, na hifadhi ni stoo ya nyuma. Meza yako ya GB 2 ni ndogo na haiongezeki. Stoo ndiyo tunayoweza kuisafisha, na kwako ndiko kwenye tatizo, maana onyo unalolipata ni la hifadhi.

Hifadhi ikijaa simu huwa nzito kwa sababu chipu yake haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima kwanza ifute bloku nzima, yaani fungu zima la data, na kama ndani ya bloku hiyo mna vitu ambavyo bado vyatakikana, ivihamishe kabla ya kufuta. Nafasi ikiwepo, kazi hiyo hufanyika simu ikiwa imetulia, wala huijui. Nafasi ikikosekana hufanyika papo hapo, wewe ukingoja. Ndiyo maana kamera yakuganda wakati ule ule wa kupiga picha. Google wenyewe wasema simu yaweza kuanza kusumbua nafasi iliyobaki ikishuka chini ya asilimia 10. Kwa GB 32 hiyo ni kama GB 3 hivi. Mimi nakushauri uwe na GB 5 au 6 tupu wakati wote.

Kuhusu kufunga programu kila saa, acha. Android yenyewe huziondoa zile za nyuma ikihitaji RAM. Ukiifunga WhatsApp kisha ukaifungua tena baada ya muda mfupi, simu yalazimika kuipakia upya kutoka mwanzo, na hilo hula betri na kukuchelewesha. Kijana_Kisauni, hesabu unayoiona ikipungua ukibonyeza kile kitufe ni ya kweli, lakini programu nyingi zilizozimwa hujiwasha tena zenyewe, na hiyo ya kusafisha yabaki humo ikikuletea matangazo.

Sasa kazi yenyewe. Kwa mwuzaji kama wewe yaanzia WhatsApp.

Kwanza weka nakala ya mazungumzo. Ingia Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, uhifadhi nakala kwenye akaunti yako ya Google. Video usizijumuishe, kwa sababu siku hizi nakala hiyo yahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google. Hakikisha imemalizika na tarehe ni ya leo ndipo uguse kitu kingine.

Kisha rudi Mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, halafu kudhibiti hifadhi. Hapo utaona mafaili yaliyozidi MB 5 yamewekwa pamoja, na yale yaliyosambazwa mara nyingi yamewekwa pamoja. Anza na hayo. Video za harusi, mawaidha, vichekesho, zote hizo zakaa kwenye simu ya biashara bila kulipa kodi. Faili moja likiwa limekuja kwa makundi matatu, lifute kote, la sivyo nafasi hairudi.

Chini yake yaja orodha ya mazungumzo yaliyopangwa kwa ukubwa. Kabla ya kusafisha kundi lolote, pitia meseji za oda na malipo uzitie nyota. Ukisafisha, WhatsApp hukuachia uchague kutozifuta zenye nyota.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui ni hili: picha unayoituma huacha nakala yake kwenye folda ya vilivyotumwa. Kwa hivyo leso moja uliyoipiga picha na kuituma iko kwa kamera na iko tena kwa WhatsApp. Fungua programu ya Files ya Google, nenda kwa hifadhi ya ndani, kisha Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Ingia folda ya picha, halafu ya video, na ndani ya kila moja utafute iliyoandikwa Sent. Humo ndimo utakamoshangaa. Ya kamera ndiyo safi, ibakishe. Hizo za humo za miezi iliyopita zifute.

Onyo larudi kila siku chache kwa sababu mbili. Ulizozifuta kwenye galari huenda bado zimo ndani ya pipa la taka. Galari nyingi huziweka humo siku 30, na zile zilizokuwa zimehifadhiwa Google Photos hukaa siku 60. Limwage hilo pipa. Ya pili, WhatsApp yajipakulia yenyewe. Kwenye hiyo hiyo sehemu ya hifadhi na data, ondoa alama za kupakua kiotomatiki kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Picha ya mteja utaigusa wewe mwenyewe unapoitaka. Na usidanganyike na ule mpangilio wa kutoonyesha media kwenye galari. Huo huzificha tu, nafasi yabaki imeliwa vilevile.

Ukimaliza, zima simu uiwashe.

Mwalimu_Likoni

Fundi kasema vyema. Naongeza Telegram na TikTok kama dada anazo. Telegram yaweza kukusanya GB nyingi kimya kimya. Ndani ya mipangilio yake, sehemu ya data na hifadhi, mwaweza kuchagua media zikae siku chache au wiki moja halafu zijifute kwenye simu. Mkizitaka tena mwazipakua, kwa kuwa ziko kwenye seva zao. TikTok nayo ina sehemu ya kufungua nafasi ndani ya mipangilio yake.

Na tafadhali, dada, ukiingia kwenye mipangilio ya programu utaona vitufe viwili. Kufuta akiba (cache), yaani vitu vya muda tu, hakuna madhara, programu huitengeneza tena. Kufuta data ni kuirudisha programu kama siku uliyoipakua. Usikiguse hicho cha pili kwa WhatsApp. Nimeona mzazi mmoja hapa kwetu akilia kwa ajili ya kitufe hicho, sauti za marehemu mamake zilikuwa humo na nakala hakuwa nayo.

MwanaLeso

Maskini. Mungu amrehemu.

Nakala naiweka usiku huu huu, nitumie Wi-Fi ya jirani.

Tuktuk_Mtongwe

Niulize, dada: simu waiweka wapi mchana? Maana kwa joto hili la kaskazi simu yaweza kuwa na nafasi tele na bado iwe nzito. Prosesa, ule ubongo wa simu, ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Mimi nilikuwa naifunga mbele kwenye kioo juani, ramani yaganda kila nikipanda feri. Nimeihamishia kivulini, imetulia. Na usiitumie sana huku yachaji.

MwanaLeso

Kwa kweli simu huwa juu ya kaunta, na jua la saa nane laingia hapo. Nitaitafutia pahali pengine. Shukran.

MzaliwaWaPwani

Kwa RAM ya GB 2 kuna jambo moja dogo lenye faida. Ingia Mipangilio, kuhusu simu, utafute nambari ya muundo, uiguse mara 7. Itafunguka sehemu ya wasanidi programu. Humo mna vipimo vitatu vya uhuishaji, yaani mwendo wa kurasa zikifunguka na kufungika: wa dirisha, wa mpito na wa kihuishaji. Vyote viko 1x, vipeleke 0.5x. Kasi ya simu yenyewe haiongezeki, ila kurasa hufunguka na kufungika upesi na mkono wahisi nafuu. Vitu vingine vya humo usiviguse.

Na Facebook kama unayo, toa ile kubwa uweke Lite.

MhasibuNyali

Nakubaliana na yote yaliyosemwa kuhusu simu, lakini kinachonishughulisha mimi ni madeni. Dada, simu huibiwa kwenye matatu na hutumbukia majini. Deni la mteja halifai kukaa pahali pamoja tu, tena ndani ya mazungumzo ambapo lazima upekue juu na chini ulipate. Nunua daftari la kaunta, au ukiweza fungua jedwali kwenye Google Sheets ambalo waweza kulifungua kwa simu yoyote. Andika jina, leso, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Malipo ya nyuma yasikutie wasiwasi: taarifa ya M-PESA waweza kuiomba kwa *334# au kwenye programu yao, na ikaja kwa barua pepe. Pesa zenyewe ziko kwenye laini, hazimo ndani ya simu.

Nasema hivi kwa sababu nimeona wanawake wengi mjini wakiendesha biashara nzuri kwelikweli, na hesabu yote imo ndani ya meseji ambazo simu ikifa zimekwenda. Hii si haki kwa jasho lao.

Kijana_Kisauni

Fundi shukran, nimeitoa ile programu. Swali: ni wakati gani basi simu inafaa kurudishwa ilivyotoka kiwandani?

FundiWaBondeni

Ukishasafisha yote haya, nafasi ipo, na bado yakwama au yajizima yenyewe. Au kuna programu chafu isiyokubali kutoka. Hata hapo, ijaribu kwanza kwa hali salama, ambapo programu ulizopakua wewe hazifanyi kazi. Ikiwa nyepesi humo, kosa ni la programu mojawapo, itafute uitoe.

Na kabla ya kurudisha, hakikisha waijua akaunti ya Google iliyo ndani na nywila yake. Wengi hufunguliwa akaunti na muuzaji siku ya kununua simu, wakasahau. Ikishafutwa kupitia vitufe vya pembeni, simu itauliza akaunti ile ile, na usipoijua imejifunga. Meseji za kawaida nazo zihifadhi nakala, zikiwemo za M-PESA.

MwanaLeso

Ndugu zangu, nimerudi na habari njema. Nakala ilichukua usiku kucha lakini ilimalizika. Nilikaa na binti yangu tukafuata maelezo ya fundi moja moja. Ile folda ya vilivyotumwa ilikuwa na leso ambazo nshaziuza zamani na hazitengenezwi tena! Tukamwaga na pipa. Sasa nafasi iliyobaki ni zaidi ya GB 9. Kamera yafunguka mara tu ninapoigusa, na leo nimehudumia wateja wa mzigo mpya bila kumwambia mtu asubiri. Daftari la madeni pia nimelifungua, MhasibuNyali, nimeshaandika ukurasa wa kwanza.

Swali la mwisho. Picha za kamera za leso za zamani sitaki kuzifuta, wateja huulizia. Kuna kijana hapa mjini auza kadi ya memori ya GB 512 kwa bei ya chini sana. Niichukue nihamishie huko?

FundiWaBondeni

Alhamdulillahi, nimefurahi sana.

Hiyo ya 512 iache. Kadi nyingi za bei hiyo ni za uongo: ndani mna GB chache, zimeandikwa zijitangaze kubwa. Utaweka picha, zitaonekana zimeingia, na zile zilizopita uwezo wake wa kweli hazitafunguka tena. Chukua ya GB 32 au 64 kutoka duka litakalokupa risiti.

Ukiiweka, simu yaweza kukuuliza uitumie kama hifadhi ya ndani au ya kuhamishika. Chagua ya kuhamishika. Kadi ni za polepole kuliko chipu ya simu. Ukiweka programu juu yake utaurudisha uzito ule ule, na ikifa yafa na kila kitu. WhatsApp yenyewe haina mpangilio wa kuhamia kwenye kadi, kwa hivyo ni picha za kamera tu utakazohamisha kwa Files. Kamera nayo ikiwa na mpangilio wa kuhifadhi kwenye kadi, uwashe.

Ila kabla ya kuhamisha, ijaribu. Nakili video mpaka kadi ijae, kisha ufungue za mwanzo na za mwisho uone kama zacheza. Zikikataa, irudishe dukani siku hiyo hiyo na risiti yako. Na zile leso ambazo hazitengenezwi tena, kadi peke yake haitoshi. Ziweke na Google Photos pia.