Mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo: niende patholojia?

Mwanafunzi: Habari zenu wakuu. Kliniki naimudu, ila moyo wangu uko kwenye patholojia, kazi ya kuchunguza ugonjwa kwenye mwili na vipande vyake, hasa chumba cha kupasulia mizoga. Mnyama akishakufa wenzangu wanaondoka, mimi ndiyo kwanza nataka kujua kafa na nini. Nyumbani wanasema nitaupoteza udaktari wangu kwa wafu. Mlioko huko, kazi ikoje?

Darubini: Karibu sana, mdogo wangu. Sehemu kubwa ya siku yangu ni wanyama walio hai: uvimbe wa titi la mbwa, kipande cha utumbo wa paka, na daktari mwenzangu anasubiri jibu. Kipande kinalowekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinakatwa kwa unene wa maikromita 4 hivi, kinatiwa rangi. Viini vya seli vinakuwa buluu, sehemu nyingine za seli waridi. Kisha natembeza jicho pembezoni polepole: seli za saratani zimefika pale kisu kilipopita, au hazijafika? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama mbwa anarudi kwenye upasuaji.

Na hao wafu je? Mwaka 1999 kunguru walikufa ovyo New York, na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wakafuata. Watu nao walikuwa wakiugua ubongo. Mpatholojia wa bustani, Tracey McNamara, aliwapasua ndege wale, akakuta ubongo umeshambuliwa. Ugonjwa ambao watu walidhaniwa kuwa nao huwa hauui ndege, kwa hiyo akashikilia kwamba kuna kitu kingine. Kikawa kirusi cha Naili Magharibi, ambacho hakikuwahi kuonekana bara la Amerika. Wasimulie nyumbani hiyo.

Maabara ya Chini: Jiandae na shule zaidi: kwa kawaida miaka 3 au zaidi ya ubingwa, halafu mtihani mgumu kwelikweli. Utachagua pia ubobee kwenye tishu, au kwenye damu na majimaji ya mwili. Na ujue wakati wa kutopasua! Mzoga unaotoka damu isiyoganda puani na sehemu ya haja, weka kisu chini, chukulia ni kimeta. Bakteria wake wakipata hewa hutengeneza mbegu zinazodumu ardhini miaka na miaka.

Mwanafunzi: Asanteni sana. Nianzie wapi?

Darubini: Muombe mpatholojia wa chuoni kwenu ukae naye kwenye darubini ya watu wawili. Eleza unachokiona kabla hajakuambia ni ugonjwa gani: rangi, umbo, mpaka, vyote. Ripoti zetu zinaandikwa hivyohivyo.