Tupeane uzoefu: elimu ya dawa za kulevya kwa vijana, ipi ilisaidia kweli na ipi ilikuwa maonyesho tu?

Mzee wa Filimbi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Ni mwaka wa tisa huu nalea timu ya mpira ya vijana. Naanza kwa kujianika mwenyewe ili wengine wasione haya kusema.

Miaka mitatu iliyopita tuliandaa semina ya 26 Juni, ile siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya vita dhidi ya dawa za kulevya. Nikaazima projekta, nikatafuta picha za kutisha kuliko zote: mishipa iliyooza, watu wamelala chini kama magunia. Nikapanga na meza ya sampuli bandia, kila moja na kibandiko chake: jina, inavyotumika, inachofanya mwilini. Ukumbi mzima kimya. Nikajiona mtaalamu, nikadhani ujumbe umeingia.

Wiki mbili baadaye kijana wangu wa namba sita, umri miaka 14, ananifuata baada ya mazoezi na kuniuliza kwa adabu zote: "Kocha, ile dawa ya kikohozi uliyosema inalevya, ni chupa nzima au nusu?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Kabla yangu hakuwahi kujua kwamba dawa ya kikohozi inaweza kulevya mtu. Ramani nimempa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikidadisi. Nikakuta Marekani nao walikuwa na mpango wao, D.A.R.E., ulioanzia Los Angeles mwaka 1983, askari polisi wakiingia madarasani kufundisha. Ulisambaa, fulana zikavaliwa, viapo vikaapwa. Watafiti walipofuatilia wakakuta waliopitia mpango ule na wasioupitia hawapishani kitu cha maana katika matumizi. Kumbe kubugi tumebugi wengi, ila hilo halinifariji.

Naomba uzoefu wenu. Hotuba tunazo za kutosha. Nataka ulichokiona kwa macho: ulifanya nini, vijana wakaitikiaje.

Chaki Nyeupe

Mkuu, umenigusa pabaya. Mimi ni mwalimu. Shule yetu ilikuwa na sheria moja: ukikamatwa na bangi, nyumbani moja kwa moja. Mwaka mmoja tulifukuza wavulana watatu. Mmoja hakwenda mbali. Alihamia nje ya geti, akawa ndiye anayewauzia waliobaki ndani. Tulidhani tumeondoa tatizo, kumbe tumelipatia muda wa kutosha na njaa ya kulisukuma.

Kilichonisaidia nilikigundua kwa bahati. Niliwagawia darasa vikaratasi visivyo na majina, maswali mawili. La kwanza: unadhani wangapi humu wanavuta? La pili: wewe unavuta? Karibu wote waliandika kwamba zaidi ya nusu ya darasa wanavuta. Swali la pili, kati ya wanafunzi 41, waliokiri ni watano. Niliandika namba zote mbili ubaoni, nikanyamaza, nikakaa. Kelele za siku ile sijapata kuzisikia tena. "Kumbe tunadanganyana!" Kijana akiamini kila mtu anavuta, yeye asiyevuta anajiona mshamba. Ukimwonyesha kwamba washamba ndio wengi, mabega yanashuka.

Wale watano sikuwatafuta. Wawili walinijia wenyewe kabla muhula haujaisha.

Baba Mkali

Mnawadekeza. Sisi tulichapwa na hakuna aliyevuta. Fimbo haina projekta.

Chaki Nyeupe

Mkuu, hakuna hata mmoja? Darasa zima?

Baba Mkali

Mmoja alikuwepo.

Na kaka yangu. Haya, endeleeni, nasoma.

Nilikuwa Huko

Nimesita siku mbili kuandika hapa.

Nilitumia unga miaka saba. Nilipoacha mara ya kwanza, watu wa semina walinipenda kuliko ndugu zangu. Leo shule hii, kesho ukumbi ule, keshokutwa nyumba ya ibada. Nilikuwa na ratiba kushinda mwanasiasa. Ninapewa shati safi, maikrofoni, bahasha ya nauli, halafu naambiwa: "Waeleze ulivyoteseka, usiwaonee huruma."

Ninawaeleza. Lakini nawaona macho yao. Sehemu ya mateso wanachezea kalamu. Nikifika kwenye stimu, ukumbi mzima unanyanyuka kwenye viti. Siku moja mvulana alinifuata nje akaniambia, kwa nia njema kabisa: "Kaka, kumbe mtu unaweza kuingia na ukatoka, na watu wakakupigia makofi." Hakuwa na kosa. Alichokiona mbele yake ni mwanamume mwenye shati safi na maikrofoni.

Jambo ambalo waandaaji hawalifikirii: kila nikisimulia ile mara ya kwanza nilipotumia, mwili unasikiliza pia. Nilisimulia mara tatu katika wiki moja. Jumamosi yake nikawa kijiweni. Sikulaumu mtu, mguu ulikuwa wangu. Ila kati ya wote waliokuwa wakinipigia simu kila asubuhi, aliyekuja kunitafuta simkumbuki, maana hayupo. Semina iliyofuata walimpata mwingine.

Baadaye sana mtu alinionyesha mwongozo wa kimataifa wa kinga, ule wa ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya, toleo la 2013. Kuna orodha ya mambo ambayo shuleni hayaleti matokeo au yanaharibu kabisa. Kuhutubia peke yake. Kutisha. Na kuwaleta waliokuwa watumiaji watoe ushuhuda. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Kazi yangu yote ilikuwa kwenye ile orodha.

Sasa hivi niko kwenye methadoni, ile dawa ya kliniki inayotolewa badala ya unga, na nafanya uelimishaji rika. Sina maikrofoni. Ninapita vijiweni na wenzangu wawili, tunakaa, tunaongea mpira, na mtu akishikwa na arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ndipo tunaongea lile jingine. Shuleni siendi tena.

Na hii elimu ya jamii tunayoisema, naomba na watu wazima waipate. Mtaani kwetu waliniita mwizi kabla sijaiba kitu. Nilipotoka mara ya pili, watu walikuwa wakikumbatia mikoba nikipita. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alinipa simu yake akaniambia nikamchajie. Simu! Kumkabidhi teja simu, nyote mnajua. Nilikaa nayo mkononi njiani kama nimebeba yai. Nimehudhuria semina nyingi kuliko nywele za kichwani, sikumbuki neno hata moja la semina hizo. Ile simu naikumbuka hadi ufa wa kioo chake.

Nesi wa Zamu

Kaka, pole na hongera. Naomba nidandie hapo kwenye kurudi kijiweni, kwa sababu ndipo tunapozikia watu.

Mtu akikaa bila kutumia, iwe kituoni, gerezani au amefungiwa chumbani na wazazi, mwili unasahau kile kiwango ulichokuwa umekizoea. Akirudi na kipimo chake cha zamani, kinamzima. Familia nyingi hupumua zikiona mtoto ana miezi miwili safi, wakati huo ndio wa hatari kubwa kama atateleza. Na wale wanaowafungia watu ndani ili waache kwa nguvu: kwa mlevi wa pombe wa kila siku au mtumiaji wa muda mrefu wa vidonge vya usingizi, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo. Huyo aachishwe hospitali, si chumbani.

Uzoefu wangu ni huu. Miaka ya nyuma aliyezidiwa aliletwa na mzazi, saa nyingi zimepita, kwa sababu marafiki walikimbia kuogopa polisi. Tukaamua kuwafundisha vijana wenyewe, saa moja tu, bila picha ya kutisha hata moja. Dalili: anakoroma isivyo kawaida au pumzi zinaachana sana, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, humwamshi. Mlaze kwa ubavu, usimmwagie maji, usimwache peke yake, leta au ita msaada, na sema ukweli ametumia nini. Tukawaambia kuna dawa, naloksoni, inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, tramadoli au kodeini, lakini huisha nguvu mapema kuliko sumu yenyewe, kwa hiyo hata akiamka lazima afike hospitali.

Kuna usiku waliingia vijana wanne wamembeba wa tano mgongoni kwa zamu, wanahema. Aliyetangulia hakusema "ameanguka" kama walivyozoea kusema. Alisema ametumia nini, saa ngapi, na amechanganya na nini. Alipona. Kuna waliotusema kwamba tunafundisha watoto kutumia. Nawajibu kwamba wale wanne hakuna aliyekuwa anatumia. Walikuwa wapita njia waliohudhuria ile saa moja.

Mama Wawili

Kwangu ilikuwa kabatini. Vidonge vyangu vya maumivu baada ya upasuaji. Mwanangu alikuwa akichukua viwili viwili, na mimi nikidhani nasahau hesabu kwa uzee. Aliyeniambia ni rafiki yake, akitetemeka. Nilimbana mwanangu usiku kucha kwa maneno, hakuna nilichopata. Kesho yake nikabadilisha: nikawaambia yeye na rafiki zake, ukikwama popote, saa yoyote, nipigie, nitakuja, na maswali ni asubuhi. Ilipigwa mara moja tu, saa nane usiku. Nilikwenda na kanga ya kulalia. Maswali yalikuwa asubuhi kweli, ingawa ulimi uliniwasha njia nzima.

Na wewe mleta mada, umetuacha hewani. Namba sita alikunywa?

kijana_17

Shikamooni. Mnasema sana "kuwashirikisha vijana", naomba niwaambie kushirikishwa kwenyewe kulivyo. Tunabeba viti. Tunaimba mgeni rasmi akiingia. Tunapigwa picha na fulana ambazo zikifuliwa mara moja maandishi yanabanduka. Kamati ya kwetu ina mwakilishi wa vijana, ana miaka 38 na watoto wanne.

Mara moja tu tuliulizwa kitu. Alikuja dada mmoja na karatasi kubwa, akasema chora mtaa wako, weka alama mahali wenzako wanapoanzia na saa wanayoanza. Wazee wote walikuwa na uhakika ni usiku. Tulichora watu kumi na mbili, kila mmoja peke yake. Karibu alama zote ziliangukia saa tisa mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Shule imetoka, wazazi hawajarudi, na kila mahali pamefungwa. Uwanja umefungwa, maktaba imefungwa, madarasa yamefungwa. Kijiwe peke yake ndicho kiko wazi, na ukifika pale mtu anajua jina lako.

Tulipeleka karatasi kwenye kamati. Walituambia tumefanya vizuri sana. Wakatupa fulana.

Chaki Nyeupe

Mdogo wangu, saa hizo ulizochora zinafanana na waliyoyafanyia kazi Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa pombe ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Walijaza yale masaa: michezo, muziki, sanaa, serikali ikisaidia ada. Wazazi wakawekeana ahadi, na wa miaka 13 hadi 16 wakapangiwa saa ya kuwa ndani, saa nne usiku majira ya baridi na saa sita kiangazi. Na kila mwaka wanawauliza vijana wenyewe kwa dodoso, shule inapata majibu yake ndani ya muda mfupi. Najua mtasema ni nchi ya watu wachache na ina hela.

kijana_17

Mwalimu, sisi hatukuomba hela. Tuliomba ufunguo.

Mzee wa Filimbi (mleta mada)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nilikuwa huko, ile ya simu sitaisahau.

Mama Wawili, alikunywa. Mara mbili, aliniambia mwenyewe mwaka jana tukiwa tunakunja nyavu, kama mtu anayekuambia matokeo ya mechi ya zamani. Nilimuuliza kwa nini aliacha. Akasema ilimkinaisha, halafu kulikuwa na mechi.

Sasa huyu kijana wa 17 kanifanya nitoke nje usiku huu nikaangalie geti la uwanja wetu. Mazoezi yanaanza saa kumi na moja. Kabla ya hapo pana kufuli, na ufunguo uko mmoja, nimeuning'iniza shingoni na filimbi miaka yote hii. Nimekuwa nikiwaacha nje masaa mawili kila siku, halafu ninawaandalia semina.

Jumatatu ninachonga wa pili. Atakaa nao namba sita. Nimeshamwambia, kauliza kama kuna malipo.